Jibu Lililopotea Katika x² = 3x

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilipewa mlinganyo x² = 3x. Nikagawanya pande zote kwa x, nikapata x = 3. Nilihakiki: 9 ni sawa na 9. Hata hivyo nimekatwa alama, naambiwa jibu moja halipo. Limepotelea wapi?
Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Marahaba. Limepotelea pale pale ulipogawanya. Weka 0 mahali pa x: kushoto 0, kulia 0. Kwa hiyo 0 nayo ni jibu halali. Ila ulipogawanya kwa x ulikuwa umeshaamua, bila kusema, kwamba x si sifuri.

Kugawanya kwa 5 ni kuzidisha kwa kinyume chake, 1/5, kwa kuwa 5 × 1/5 = 1. Kila namba isiyo sifuri, iwe chanya, hasi au sehemu, ina kinyume chake, tena kimoja tu. Cha −2/3 ni −3/2. Sifuri haina, maana uizidishe kwa namba yoyote, 1 huipati. Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliandika mwaka 628 kuwa sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri. Leo hatukubali, kwani ukisema ni 0 kwa kuwa 0 × 0 = 0, kwa hoja hiyo hiyo mwingine angedai ni 7, maana 0 × 7 = 0.

Sasa hamisha 3x: x² − 3x = 0, yaani x(x − 3) = 0. Hapa ndipo ilipo sifa ninayoipenda kuliko zote: zao la namba mbili zisizo sifuri haliwi sifuri kamwe. Tuseme ab = 0, na a si sifuri. Zidisha pande zote kwa 1/a; inabaki b = 0. Basi ama x = 0, ama x = 3.

Usiichukulie sifa hiyo kuwa ya bure. Katika hesabu za saa ya ukutani, ambako 12 huhesabiwa kuwa 0, 3 × 4 ni sifuri, ingawa 3 si sifuri wala 4. Na kweli, huko 3 na 4 hazina vinyume.

Ukitaka kugawanya kwa herufi, andika kwanza pembeni x ≠ 0, kisha ijaribu 0 peke yake. Anza na x³ = 4x. Majibu ni matatu, na moja ni hasi.