Nenosiri ni sahihi, seva inalikataa

Maswali ya safari hii yametoka Tanga mjini, kwa wanaoendesha seva ya FreeRADIUS, programu inayohakiki majina na manenosiri ya wanaoingia kwenye mtandao, juu ya Ubuntu au Debian. Kabla hujagusa faili lolote, simamisha huduma kwa `systemctl stop freeradius`, kisha iwashe kwa mkono: `freeradius -X`. Usipoisimamisha kwanza, itagoma kwa kuwa poti 1812 tayari inatumika. Ikishawaka, kila ombi la kuingia litapita mbele ya macho yako. Isome mistari hiyo kwa utulivu. Anayeanza kwa kubadilisha manenosiri ya wateja huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Habari za kazi, wakuu. Nimefunga rauta mpya ya MikroTik kwenye kafe yangu ya intaneti, Ngamiani. Tangu hapo hakuna mteja anayeingia, na majina sikuyagusa.

Njema, ndugu. Majina yako hayana kosa. Ukiona "unknown client", anwani ya IP ya rauta mpya haimo kwenye `clients.conf`, faili la rauta zinazoruhusiwa kuiuliza seva, na seva hainyanyui hata mdomo kujibu. Kama anwani imo, linganisha siri ya pamoja, yaani `secret`, pande zote mbili. Katika PAP, njia ambayo rauta huituma seva nenosiri lenyewe, nenosiri hufichwa kwa siri hiyo, kwa hiyo siri zikitofautiana seva hufumbua takataka: kwenye `User-Password` utaona alama zisizosomeka badala ya neno la mteja. Rauta inayotuma `Message-Authenticator`, yaani muhuri wa ombi unaotokana na siri hiyo hiyo, haifiki hata hapo, maana ombi lake hutupwa. Iandike siri upya kwa mkono pande zote mbili, kwa sababu ukinakili na kubandika ni rahisi nafasi tupu kujipenyeza mwishoni. Kisha izime seva na kuiwasha tena.

Nyumba yetu ya wageni iko Raskazone. Mgeni akikosea nenosiri, anaambiwa seva ya RADIUS haijibu. Akiandika sawasawa anaingia. Seva ni mbovu?

Ni nzima. FreeRADIUS huchelewesha jibu la kukataa kwa sekunde 1 (`reject_delay`), lakini MikroTik isipobadilishwa husubiri milisekunde 300 tu, ikakata tamaa. Ongeza muda upande wa rauta: `/radius set [find] timeout=3s`. Usiiondoe ile sekunde moja kwenye seva, ndiyo inayomchosha anayebahatisha manenosiri ya watu.

Shikamooni. Chuoni kwetu Chumbageni tumebadilisha manenosiri kwenye hifadhidata yawe heshi za SHA, yaani alama zilizokokotolewa kutoka kwenye nenosiri, kwa usalama. `radtest`, amri ya kujaribia seva, inakubali, ila ukurasa wa hotspoti na Wi-Fi ya walimu vinakataa kila mtu.

Marahaba. Mlichofanya ni kizuri, ila kimegongana na namna rauta inavyouliza. `radtest` hutumia PAP: seva hupokea nenosiri lenyewe, hulipiga heshi, hulinganisha. Heshi ya aina yoyote inafaa hapo. Hotspoti ya MikroTik kwa kawaida hutumia CHAP, ambamo nenosiri halisafiri kabisa. Kinachofika ni hesabu iliyofanywa juu yake, na seva hulazimika kuirudia hesabu hiyo ikiwa na nenosiri la wazi. Kutoka kwenye SHA halirudi. Wi-Fi ya PEAP, njia ya kuingia kwa jina na nenosiri kama ya walimu wenu, nayo hubeba MS-CHAPv2, hesabu ya jamii ya CHAP inayotaka nenosiri la wazi au heshi ya NT (ile ya Windows), basi. Hakuna mpangilio wa seva utakaolizunguka hilo, msipoteze usiku mnahangaika.

Ushauri wetu ni kubaki na heshi na kubadilisha njia. Kwenye hotspoti, ondoeni `http-chap` katika `login-by`, orodha ya njia za kuingia kwenye rauta, na muweke `https` yenye cheti. Msiweke `http-pap` peke yake, kwani manenosiri ya wanafunzi yatapita hewani bila kufichwa. Kwa Wi-Fi ya walimu, badala ya PEAP tumieni EAP-TTLS, njia nyingine ya kuingia iliyofichwa, yenye PAP ndani. Android inaiweza, na Windows kuanzia 8.

Wi-Fi ya ofisi yetu Pongwe ilikwenda vizuri miezi miwili. Leo simu zote zimegoma, na seva inaandika "certificate expired".

Nenosiri halijafika hata kuulizwa: simu imekiona cheti cha seva kimekwisha muda na kukata mazungumzo. Vyeti vinavyotengenezwa kwa mafaili ya mfano ya FreeRADIUS huishi siku 60. Hakikisha kwa `openssl x509 -enddate -noout -in server.pem`. Badilisha `default_days` katika `ca.cnf` iwe 3650 na katika `server.cnf` iwe 365, tengeneza upya, kisha weka cheti kipya cha CA, yaani kile kinachotia saini cheti cha seva, kwenye kila simu.

Mteja mmoja tu anakataliwa, wengine wote wanaingia.

Tazama `User-Name` kwenye mistari ya `freeradius -X`. Simu hupenda kuanza na herufi kubwa, na kibodi inayokisia maneno huacha nafasi mwishoni. Jina lenye nafasi hukataliwa hata kabla ya nenosiri, na kwenye faili la watumiaji `Asha` si `asha`. Jina likiwa sawa lakini ukaambiwa "No Auth-Type found", seva haijapata nenosiri la kulinganisha. Mstari wake uanzie ukingoni kabisa, bila nafasi mbele:

`asha Cleartext-Password := "..."`