Shangazi, Kioo Hakiniamini

"Shikamoo, Shangazi. Nina miaka 34, ni mhasibu. Ofisini kwetu mwanamke Mweusi ni mimi peke yangu. Nimenyimwa cheo mara mbili, na mara ya pili kilikwenda kwa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Nikizungumza kikaoni naambiwa mkali, nikinyamaza naambiwa sijiamini. Bosi ameshaniuliza kama nywele zangu 'zitakaa hivyohivyo' siku wateja wakija. Rafiki yangu alinishauri nisimame mbele ya kioo kila asubuhi niseme: mimi ni mrembo, mimi ninaweza. Miezi mitatu nasema, najiona mwongo tu. Mama ananiambia mvumilivu hula mbivu. Je, kasoro ni yangu? – Mchovu wa Kioo"

Marahaba, mwanangu.

Hicho kioo kiache kwanza. Rafiki yako hana nia mbaya, ila dawa yake haimfai kila mgonjwa. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaojidharau, wakiambiwa warudierudie kuwa wao ni watu wa kupendwa, huishia kujisikia vibaya zaidi. Mimi sikushangaa. Moyo ukiuambia jambo usiloliamini, unakujibu, tena kwa ushahidi. Wewe unasema "ninaweza", wenyewe unauliza "mbona cheo hukupata?" Kwa hiyo wewe si mwongo. Umepewa maneno yasiyo na mizizi.

Mizizi tunayo wapi? Mwaka 2006, huko Marekani, Geoffrey Cohen na wenzake walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi zoezi fupi darasani: waandike kuhusu jambo wanalolithamini, kama vile familia, marafiki au sanaa, na kwa nini. Hakuna kujisifu. Pengo la alama kati ya wanafunzi Weusi na Weupe likapungua kwa takriban asilimia 40. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo makubwa hivyo kila mahali, kwa hiyo sikuuzii muujiza. Lakini naliamini kwa sababu linamkumbusha mtu kwamba yeye ni mpana kuliko chumba anachohukumiwa ndani yake.

Tafuta daftari. Kila usiku andika ulichofanya, kwa tarehe: kosa la hesabu ulilolinasa kabla halijaleta balaa, mteja aliyeulizia wewe na si mwingine, kijana uliyemnoa mpaka akakupita (hilo nalo liandike ni lako, hata kama linauma). Andika na ya nje ya ofisi. Ukitaka kujisemesha asubuhi, soma humo. Wewe mhasibu bwana, unajua kuamini kitabu chenye risiti.

Sasa mama yako. Mheshimu, lakini methali yake haisemi ukae chini ya mti gani, na kuna mti hauzai. Bessie Coleman alitaka kuwa rubani. Shule za urubani za Marekani zilimkataa, kwa weusi wake na kwa uanamke wake. Wakati huo alikuwa akitengeneza kucha za watu kinyozini, Chicago. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, na tarehe 15 Juni 1921 akapewa leseni yake Ufaransa. Uvumilivu wake wote aliumwaga kwenye safari ile. Kwenye milango iliyofungwa hakuacha hata tone.

Kwa hiyo muandikie bosi barua pepe, kwa adabu. Muulize vigezo vya kile cheo ni vipi na wewe kilikupungukia kipi. Aje na majibu ya maandishi, maana "mkali" ni neno la mdomoni, likifika kwenye karatasi linaona haya. Jiwekee muda, tuseme miezi sita, na ndani ya muda huohuo peleka maombi kwingine bila kumwambia mtu. Kasoro ingekuwa yako, wangekuwa wameshakutajia moja tu isiyogeuka. Mkali na asiyejiamini kwa pamoja? Waamue.

Usingizi ukikata au chakula kikigoma kushuka, tafuta mshauri nasaha mapema. Watu hupenda kutusifu sisi wanawake Weusi kwamba ni majabali. Sifa hiyo siitaki. Jabali kila mtu hulikalia.

Nywele? Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2019 inayokataza kumbagua mtu kazini kwa ajili ya misuko, rasta na mitindo mingine ya nywele zetu, kwa hiyo usidhani umelibuni jambo hili kichwani mwako. Wateja wakija, nenda na twende kilioni yako iliyosukwa vizuri, au ziachie zisimame, upendavyo.

Kisha niandikie tena. Nataka kujua bosi alijibu nini kwenye ile barua.