Kijenzi cha vekta a kuelekea b
Tuseme una vekta a = (2, 3, 1) na b = (1, 2, 2), na unatafuta kijenzi cha a kuelekea b, yaani urefu wa sehemu ya a inayoelekea upande wa b. Zidisha namba zinazolingana kisha jumlisha: 2 + 6 + 2 = 10. Urefu wa b ni kipeuo cha pili cha 1 + 4 + 4, yaani 3. Basi kijenzi ni 10/3. Tafadhali usigawanye kwa urefu wa a. Mwelekeo tunaoutafuta ni wa b.

Swali likitaka jibu liwe vekta, gawanya 10 kwa 9 (urefu wa b kwa kipeo cha pili), kisha zidisha b kwa 10/9: (10/9, 20/9, 20/9). Hakiki daima: ukiitoa vekta hiyo kwenye a inabaki (8/9, 7/9, −11/9), nayo ukizidisha namba zake na za b kisha ukajumlisha unapata 8/9 + 14/9 − 22/9 = 0, kwa hiyo zimekutana kwa pembemraba.