Tope la ziwa linajuaje kama mvua ilinyesha?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimesoma mahali kwamba watafiti walichimba tope la Ziwa Naivasha wakasema miaka 700 iliyopita mvua ilikuwa nyingi, na Ziwa Victoria eti liliwahi kukauka kabisa. Sasa najiuliza, tope si tope tu? Wanajuaje, na miaka wanaihesabu vipi au wanakadiria tu?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hawabahatishi, ila umegusa penyewe, manake kulitoa tope sio kazi kubwa kama kujua kila tabaka ni la lini.

Kila kinachoingia ziwani na kisichooza kinatua chini, vumbi, udongo wa mito, chavua za maua, masizi ya moto wa porini, cha leo kinalala juu ya cha jana, na kama huko chini hakuna hewa basi hakuna hata mdudu wa kuja kufukuafukua, mpangilio unabaki vilevile maelfu ya miaka. Watafiti wanazamisha bomba refu, wanalivuta likiwa limejaa, halafu maabara wanalipasua kwa urefu. Hapo ndo raha yenyewe, ukisafisha ule uso unaona mistari, myeupe na myeusi, mingine haifiki hata milimita moja.

Ziwa Challa, mpakani mwa Kenya na Tanzania chini ya Kilimanjaro, lina mistari hiyo. Kiangazi upepo ukivuma sana unakoroga maji, virutubisho vinapanda juu, mwani wadogo wanaoitwa daiatomu wanazaana kwa wingi, wakifa magamba yao yanayofanana na kioo yanatua na kuacha mstari mweupe. Msimu wa mvua ukija unatua mstari mweusi. Mweupe na mweusi, mwaka mmoja huo, na miaka yenye ukame na upepo mwingi mistari inakuwa minene zaidi.

Naivasha ni hivi. Kila aina ya daiatomu ina maji yake, wengine wanapenda maji baridi yasiyo na chumvi, wengine ya chumvichumvi, na kuna pia vile vimbu visivyouma ambavyo viluwiluwi vyake vinaishi kwenye tope na vichwa vyao vigumu haviozi. Ziwa lisilo na mto wa kutokea likipungua chumvi inazidi, kwa hiyo wakazi wanabadilika, wewe unahesabu tu chini ya darubini nani alikuwepo tabaka gani. Kwa njia hiyo mtafiti Dirk Verschuren na wenzake mwaka 2000 walionyesha kwamba kuanzia kama mwaka 1000 hadi 1270 kulikuwa kukavu kuliko sasa, halafu hadi 1850 hivi kukawa na unyevu, ila katikati yake ukame mrefu ulipiga mara tatu. Kilichonigusa mimi ni kwamba vipindi hivyo vinaendana na masimulizi ya wazee kuhusu njaa na watu kuhama. Tope na wazee wanasema kitu kimoja!

Sasa miaka. Pasipo na mistari ya kuhesabu wanapima kaboni 14, aina ya kaboni ambayo kiumbe anaivuta akiwa hai, na akishakufa nusu yake inaisha kila miaka 5,730. Hapa kuna mtego. Mimea ya majini inaweza kunyonya kaboni kongwe iliyoyeyuka kutoka kwenye mawe ya chokaa, ukiipima inakuambia ina umri mkubwa kuliko ukweli, mamia ya miaka au hata zaidi. Ndo maana mtafiti makini anakaa anachekecha tope akitafuta kipande cha jani la nchi kavu, mbegu au kijikaa cha moto, kitu kilichovuta kaboni yake hewani. Ukisoma utafiti wowote wa namna hii cheki kwanza walipima nini, kama ni tope zima zima bila masahihisho mimi siuamini haraka.

Na Victoria ni kweli, liliwahi kukauka, kati ya miaka 18,000 na 14,000 iliyopita. Bomba liliposhuka tope laini likakatika ghafla, chini yake kukawa na udongo mgumu wa nchi kavu, na ndani yake vijizizi vya mimea bado vimesimama wima, palepale vilipoota.