Maswali ya Wasomaji: Ni Nani Aliyeiuza Louisiana?

SWALI: Ndugu Mhariri, mpwa wangu anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, na jioni hukaa naye barazani tukapitia madaftari yake. Ameandika kwamba mwaka 1803 Rais Thomas Jefferson wa Marekani aliinunua Louisiana kutoka Ufaransa, na nchi yake ikawa karibu mara mbili ya ilivyokuwa. Ukurasa uliotangulia ameandika kwamba Jefferson huyo huyo alishikilia kuwa serikali kuu haina mamlaka ila yale yaliyotajwa katika Katiba. Mimi naona mambo hayo mawili hayapatani. Je, Katiba ilimruhusu? Na Ufaransa iliipata wapi ardhi yote hiyo hata ikaiuza kwa bei rahisi namna ile? – Msomaji, Temeke.

JIBU: Ndugu msomaji, daftari la mpwa wako halina kosa, na shaka yako ndiyo iliyomkosesha usingizi Jefferson mwenyewe. Katiba ya mwaka 1787 haikutaja popote kwamba serikali yaweza kununua nchi. Kiangazi cha mwaka 1803 Jefferson aliandika rasimu ya marekebisho ya Katiba ili apate ruhusa hiyo waziwazi, ingawa Waziri wake wa Fedha, Albert Gallatin, alikuwa amekwisha kumweleza kwamba taifa lolote huru lina haki ya kupata ardhi kwa mkataba. Kilichomfanya aiweke kando rasimu hiyo ni muda. Mkataba ulitaka uridhiwe ndani ya miezi sita, na habari zilizofika kutoka Paris zilisema kwamba Napoleon huenda akabadili nia. Jefferson akawaomba wafuasi wake waliweke kimya suala la Katiba, na tarehe 20 Oktoba Seneti iliridhia kwa kura 24 dhidi ya 7.

Walioupinga walikuwa watu wa chama cha Wafederali, ambao miaka kumi na miwili nyuma, katika ubishi wa kuanzisha benki ya taifa, ndio waliotetea Katiba isomwe kwa upana. Sasa waliisoma kwa ufinyu, na Jefferson akaisoma kwa upana. Hofu yao haikuwa ya bure: majimbo mapya ya magharibi yangepunguza uzito wa majimbo yao ya kaskazini mashariki katika Bunge. Suala la kisheria lenyewe lilikuja kumalizwa na Mahakama Kuu mwaka 1828, iliposema kwamba serikali yenye mamlaka ya kupigana vita na kufunga mikataba ina mamlaka ya kupata ardhi pia.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo naliona kubwa zaidi. Jefferson hakuwatuma wajumbe wake kununua bara. Aliutaka mji wa New Orleans, kwa sababu wakulima wa bonde la mto Ohio walisafirisha unga, nyama na tumbaku kwa kuteremka na maji ya Mississippi, na mwezi Oktoba 1802 ofisa wa Hispania aliyekuwa bado anausimamia mji huo aliwafungia haki ya kuweka shehena zao bandarini. Hispania ilikuwa imekwisha kuirudishia Ufaransa Louisiana kwa mkataba wa siri wa mwaka 1800. Wajumbe hao, Robert Livingston na James Monroe, walikuwa na maagizo ya kuafikiana juu ya mji huo na ardhi za Florida. Wafaransa wakawauliza kama wangependa kuchukua yote.

Kwa nini Napoleon aliuza? Hapa ndipo vitabu vingi vya shule hupita mbio, nami sitaki tupite mbio. Louisiana ilikusudiwa kulisha Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, koloni la sukari na kahawa lililoitajirisha Ufaransa kuliko makoloni yake mengine yote. Watumwa wa huko, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Afrika, waliasi mwezi Agosti 1791 na wakajikomboa. Napoleon alimtuma shemeji yake, Jenerali Leclerc, na jeshi kubwa la kuwarudisha chini ya himaya yake. Kiongozi wao, Toussaint Louverture, alikamatwa kwa hila akafia gerezani Ufaransa mwezi Aprili 1803, lakini vita havikufa naye: jeshi lile liliteketea kwa mapigano na kwa homa ya manjano, na Leclerc mwenyewe akafa mwaka 1802. Bila Saint-Domingue, Louisiana haikuwa na kazi kwa Napoleon, na vita na Uingereza vilikuwa mlangoni. Kwa hiyo Marekani ilipata bara lile kwa sababu Waafrika wa Haiti walikataa kurudi utumwani, na shukrani waliyoipata ni kwamba Marekani ilipiga marufuku biashara nao mwaka 1806 na haikuitambua nchi yao hadi mwaka 1862. Jambo hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Bei ilikuwa dola milioni 15, kwa ardhi ya kilomita za mraba zipatazo milioni 2.1, yaani zaidi ya Tanzania mbili. Ni kama senti tatu kwa ekari. Lakini, ndugu yangu, Ufaransa haikuwa na ardhi hiyo ya kuuza. Nje ya New Orleans na vijiji vichache vya kando ya mto, nchi ile ilikuwa ya Waosage, Wapawnee, Walakota, Wamandan na mataifa mengine, ambao hawakuulizwa wala hawakuwapo Paris. Kilichouzwa ni madai: haki ya kuwazuia Wazungu wengine wasiitwae nchi hiyo. Ardhi yenyewe ilichukuliwa baadaye, kipande kwa kipande, kwa mikataba ya shinikizo, kama ule wa Waosage wa mwaka 1808, na kwa vita. Sisi wa Dar es Salaam hatuhitaji kuelezwa sana, kwa maana mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni nne kwa ajili ya pwani hii tunayoishi, na watu wa Mrima hawakuulizwa pia.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa nini kupanuka kwa nchi ya Marekani kulizidisha ugomvi wa utumwa badala ya kuupunguza? – Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Kwa sababu kila jimbo jipya lilipata maseneta wawili. Missouri, iliyokatwa katika ardhi ile ile ya Louisiana, ilipoomba mwaka 1819 kuingia katika muungano ikiwa na watumwa, majimbo ya utumwa na yale huru yalikuwa kumi na moja kwa kumi na moja. Suluhu ya mwaka 1820 iliipokea Missouri pamoja na Maine iliyo huru, ikapiga marufuku utumwa katika sehemu iliyobaki ya ardhi hiyo, kaskazini ya nyuzi 36 na dakika 30. Jefferson, akiwa mzee na mwenye watumwa wake mwenyewe, aliandika kwamba habari hizo zilimshtua kama kengele ya moto usiku. Mstari ule uliheshimiwa hadi mwaka 1854, Bunge lilipoufuta kwa ajili ya Kansas na Nebraska, na huko Kansas watu wakaanza kuuana.