Mzunguko wa damu: ni Harvey au Ibn al-Nafis?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma uuguzi mwaka wa kwanza. Kitabu chetu kinasema William Harvey wa Uingereza aligundua mzunguko wa damu mwaka 1628. Mwenzangu anashikilia kuwa Ibn al-Nafis alikwisha kuueleza karibu miaka 400 kabla yake. Nani yuko sahihi? Na walijuaje bila vipimo vya leo?

JIBU: Marahaba. Kitabu na mwenzako wote wana haki, kwa sababu wanazungumzia safari mbili tofauti za damu.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walimfuata Galen, Mgiriki wa karne ya 2. Alifundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, kisha damu hiyo huenda viungoni ikatumika na kuisha. Ile inayofika upande wa kulia wa moyo, alisema, hupenya kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati.

Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, alivikataa vitundu hivyo. Mnamo 1242, akifafanua anatomia iliyomo katika Kanuni, kitabu cha tiba cha Ibn Sina, aliandika kwamba ukuta ule ni mzito na hauna tundu lolote. Basi damu sharti itoke kulia, iende mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo ifike kushoto. Huo ndio mzunguko wa mapafu, na heshima yake ni ya Ibn al-Nafis. Inaniuma kuona vitabu vingi vya shule bado vinamruka. Maandishi yake yalisahauliwa kwa muda mrefu, hadi daktari wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoyakuta maktabani Berlin mwaka 1924.

Lakini hakusema kwamba damu ya mwili mzima huenda na kurudi. Hilo ni la Harvey, na silaha yake kubwa ilikuwa hesabu. Alichukua kadirio dogo kwa makusudi: nusu aunsi ya damu kwa kila pigo la moyo. Kwa nusu saa moyo hupiga zaidi ya mara 1,000, yaani aunsi 500, takriban lita 14. Hakuna mtu awezaye kula chakula cha kutoa damu yote hiyo, wala mwili hauna pa kuiweka. Kwa hiyo ni damu ileile inayorudi. Leo tunajua kwamba kwa mtu mzima aliyepumzika pigo moja husukuma kama mililita 70, hivyo lita 5 hivi, karibu damu yake yote, hupita moyoni kila dakika. Katika yote ninayofundisha, sijui hoja nzuri kuliko hii.

Ushahidi wake mwingine utauona wodini. Ukifunga mpira mkononi kabla ya kutoa damu, vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, huvimba chini ya mpira (upande wa kiganja), si juu yake. Harvey alilijaribu jambo hilo kwa kitambaa. Alipokaza sana, mapigo ya kifundo cha mkono yalipotea na mkono ukapoa, maana hata ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, zilizibwa. Alipolegeza kidogo, ateri zilizo ndani zilipitisha damu ilhali vena za karibu na ngozi zimebanwa bado, na mkono ukajaa. Damu huingia kwa ateri na kutoka kwa vena. Vali za vena, yaani vilango vidogo vilivyo ndani yake, zilikuwa zimechorwa na Fabricius, mwalimu wa Harvey huko Padua, Italia, ila yeye alidhani kazi ya vali hizo ni kuzuia damu isijae mno mikononi na miguuni. Harvey alibonyeza vena kwa vidole akaona damu inakubali kusukumwa kuelekea moyoni tu.

Kilichobaki ni jinsi damu inavyotoka kwenye ateri kuingia vena. Harvey alifariki mwaka 1657 bila kukiona kiungo hicho. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia alitazama mapafu ya chura kwa hadubini, akaziona kapilari, mishipa myembamba mno inayounganisha ateri na vena. Ndizo unazozipima unapobonyeza ukucha wa mgonjwa na kuhesabu sekunde mpaka rangi irudi.