Kabla ya Kumwacha Mtaalamu Wako wa Saikolojia, Mwambie Linalokukwaza

Wanaoniuliza kuhusu tiba ya kisaikolojia, kwa kuwa wanajua nimeipitia, karibu wote huanza na swali la mbinu: mtaalamu huyu anatibu kwa njia gani? Swali hilo lina uzito wake, maana yapo matatizo, kama hofu iliyopita kiasi, ambayo yana mbinu zilizopimwa na kuonekana kufaa. Hata hivyo, mimi huwasihi wajiulize na jambo jingine: je, mtu huyu akinikwaza, nitaweza kumwambia?

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kwamba ushirikiano wa mtaalamu na mteja una sehemu tatu, yaani kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi itakayofanywa ili kulifikia, na kuaminiana. Uchambuzi huo umenisaidia kuliko ule ushauri uliozoeleka wa kutafuta mtu mtakayeivana naye, kwa sababu unamwezesha mteja kutambua ni wapi hasa panapolegea. Unaweza kumheshimu mtaalamu wako na kutoka katika kila kikao ukiwa umepumua, na bado miezi ikapita bila ninyi wawili kuafikiana mnakwenda wapi: wewe ulifuata usingizi uliopotea, yeye anauliza habari za utoto wako, wala hakuna aliyemweleza mwenzake mambo hayo mawili yanahusianaje. Hapo imani ipo, ila lengo halijawahi kuzungumzwa, na kulizungumza kunaweza kuchukua dakika kumi tu.

Utafiti nao uko upande huu. Mwaka 2018 Christoph Flückiger na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 295, zenye wateja zaidi ya 30,000, wakaona kwamba ushirikiano mzuri huambatana na matokeo mazuri katika aina mbalimbali za tiba. Nguvu ya uhusiano huo ni ya wastani, kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba ukarimu wa mtaalamu unatosha bila ujuzi.

Lililonifundisha zaidi, lakini, lilitokea ndani ya kikao. Nilikuwa nikisimulia siku za mwisho za mama yangu, na nilipofika mahali ambapo sauti ilianza kunikatika, mtaalamu aliinamia daftari lake, akaandika kitu, kisha akaniuliza siku hizi ninalala saa ngapi. Nilimjibu. Nikaendelea kumjibu kwa adabu na kwa maneno machache hadi muda ukaisha, na njiani nikaanza kutunga ujumbe wa kumwambia kwamba sitarudi. Wanasaikolojia Jeremy Safran na Christopher Muran, waliochunguza mipasuko ya namna hii, yaani nyakati ambapo ushirikiano wa mtaalamu na mteja unalegea au kuvunjika, wanaigawa katika aina mbili: kuna mteja anayemkabili mtaalamu waziwazi, na kuna anayejitenga taratibu huku akiitikia kila kitu. Huyu wa pili ndiye anayetoweka bila mtaalamu kujua sababu, na kwa sisi tuliolelewa kumheshimu aliyetuzidi umri au elimu, kujitenga huko kunaweza kuonekana kuwa ndiyo tabia njema.

Nilirudi, nikasema mwanzoni kabisa: "Wiki iliyopita ulipoandika nikiwa namzungumzia mama, nilihisi kwamba habari zake zimekuchosha." Aliweka kalamu chini. Hakujitetea wala hakunieleza umuhimu wa kuweka kumbukumbu. Alisema kwamba aliona nimebadilika asijue kwa nini, akaomba radhi, kisha akauliza nilikuwa karibu kusema nini. Ndipo nikasema lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimezoea kwamba lalamiko huwatenganisha watu, na kwa mara ya kwanza niliona lalamiko likimsogeza mtu karibu nami. Naamini kwamba hiyo yenyewe ilikuwa tiba, kwa kiwango kile kile cha mazoezi niliyopewa kufanya nyumbani.

Huenda ukahofu kwamba hasira yako haimhusu yeye, kwamba ni ya mzazi au ya mwalimu wa zamani. Inawezekana, tangu enzi za Sigmund Freud inafahamika kwamba hisia za zamani humhamia mtaalamu. Iseme hata hivyo, kwa sababu ikizungumzwa ninyi wawili mnaweza kupambanua kipi ni cha zamani na kipi amekitenda yeye kweli.

Kisha pima jibu lake. Mtaalamu anayekusikiliza, anayekubali sehemu yake na kurekebisha, mpe nafasi. Anayekugeuzia lawama kila unapozungumza, unayo haki ya kumwacha na kutafuta mwingine, wala usione haya. Na yapo mambo yasiyohitaji mazungumzo yoyote ya kusuluhisha: akikutaka kimapenzi, akikukopa fedha au akitoa siri zako bila sababu ya kisheria au ya usalama, ondoka na umripoti kwenye chombo kinachosimamia taaluma yake.

Kama ulimi unakuwa mzito, andika sentensi mbili kwenye karatasi na uzisome mara tu mnapoketi. Usizihifadhi hadi dakika za mwisho, kwa kuwa jibu lake linahitaji muda, na wewe unahitaji kulisikia lote kabla hujaondoka.